Samaki Niliowapa Maji ya Mvua

Shiru wangu,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizia hali, lakini yako naijua. Nakusikia hapo nyuma ya pazia ukipigana na zipu ya begi, na kwa jinsi unavyosonya, zipu ndiyo inashinda. Mimi pia ni mzima. Nimeketi huku mbele saluni, kwenye kile kiti cha wateja chenye mguu mfupi, na tangi la samaki linanguruma kando yangu. Kati yetu kuna pazia tu, na bado nimeona afadhali nikuandikie. Tukianza kuongea, wewe utanyamaza na mimi nitapandisha sauti, na kesho utaondoka Nakuru umebeba kelele zangu mpaka Siaya. Umebeba za kutosha.

Unajua kwa nini naandika. Jumamosi, mteja wa mwisho akiwa chini ya draya, ulisimama nyuma yangu ukasema, "Mum, ile kazi ya samaki nimepata. Naenda wiki hii. Unanibariki, ama niende tu hivyo?" Na mimi, mwanamke anayeongea tangu kukicha hadi wapangaji wenzetu wa plot wanaomba umeme upotee nifunge saluni, ninyamaze, sikupata neno hata moja. Nikapandisha moto wa draya mpaka mteja akapiga kelele kwamba namchoma masikio. Nilikuona kwenye kioo ukingoja. Ukangoja kidogo zaidi, kisha ukachukua ufagio ukaanza kufagia nywele.

Hujaniuliza tena, na mimi sijajibu. Majirani wanadhani tumekosana. Hatujakosana, nilishindwa kujibu tu, na nisipojibu leo utapanda gari kesho ukiamini kwamba nimekataa.

Sitakuandikia habari za blanketi, neti ya mbu na kutotembea gizani. Hayo nimeyasema tangu uanze kutambaa, na kama hayajaingia hadi sasa hayataingia kwa kalamu. Nataka kukuambia habari za samaki, hawa hawa unaowajua kuliko mimi. Usicheke. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unaona samaki. Hujui mimi nilikuwa naona nini.

Unamkumbuka Mama Hansa? Yule Mhindi wa duka la vitambaa kule mjini, niliyekuwa nikienda kumpaka hina nywele juu ghorofani kwake. Nilikuwa nakuweka mbele ya tangi la mumewe ili usiguse vitu vya watu, nawe ulikuwa unakaa kimya mpaka namaliza kazi. Alikupenda kwa hilo. "Huyu mtoto anaangalia tu, hagusi," alikuwa akisema, halafu anakupa vitamutamu ambavyo ulikuwa unatema nyuma ya mlango ukidhani sikuoni.

Mzee wake alipofariki, na kijana wao akaja kumchukua mama yake wakaishi ng'ambo, Mama Hansa aligawa vitu vyake vyote. Kwetu alileta tangi. Lilifika hapa mtaani kwetu Kaptembwo juu ya mkokoteni, samaki wakiwa kwenye ndoo zilizofunikwa kwa kipande cha sari, na nusu ya mtaa ikifuata nyuma ikiuliza kama wanauzwa wabichi au wamekaangwa. Alisimama hapo mlangoni, kidole kimegusa kioo, akaniambia, "Chakula kidogo tu, mama. Maji ile ile ya bomba. Badilisha kidogo kidogo, usitoe yote. Hawa ni siklidi, si samaki ya kuchezea. Wako na hasira, lakini wako na akili." Nikasema ndiyo, mama, ndiyo. Machozi yalikuwa yanamtoka na mimi nilikuwa namwonea huruma, kwa hiyo sikusikiliza alichosema.

Siklidi. Wewe ndiye uliyekuja kunieleza baadaye kwamba hilo ni jina la ukoo mzima, kwamba hata tilapia wa sahani ni ndugu zao, na kwamba hawa wetu ni wale wa kukaa kwenye mawe kule Ziwa Malawi, wanaoitwa mbuna. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba kuna wa samawati na wa manjano, na kwamba wote walikuwa wananiangalia kama wateja waliocheleweshwa.

Sasa nikueleze habari ya maji.

Mimi nilizaliwa kijijini, Mbaruk, na huko tulikunywa maji ya kisima cha kuchimbwa, na maji hayo yakanipa haya meno. Unayajua. Meno ya kahawia ambayo mtu akiyaona anajua umetoka upande gani kabla hujataja jina. Nilipoenda kujifunza ususi, wasichana waliotoka kwingine waliniita Kakao. Ndiyo sababu hadi leo nacheka mkono ukiwa mdomoni. Angalia picha za ubatizo wako, kila mtu ameng'aa, na mama mwenye mtoto amefunga mdomo kama mtu aliyemeza inzi.

Maji ya bomba ya hapa Nakuru ni ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo ulipozaliwa niliapa kwamba hayatagusa fizi zako. Nilimsumbua landlord mpaka akaweka mifereji kwenye mabati, nikatafuta pipa, na mvua ikianza, hata nikiwa namsuka bibi harusi, nilikuwa natoka mbio kutega masufuria. Maji ya mvua yalikuwa yako: ya kunywa, ya uji, ya mswaki. Mimi nilikunywa ya bomba, kwangu yalikuwa yameshamaliza kazi. Kiangazi kikikaza nilikuwa napanda hadi Dundori kwa rafiki yangu mwenye tangi kubwa la maji ya mvua, narudi kwa boda boda nimekumbatia mtungi, na vumbi lote la barabara kichwani. Mtu akikuona unacheka, Shiru, anaona meno meupe. Mimi naona mitungi.

Basi samaki wa Mama Hansa walipofika nikawaza: maskini, viumbe hawa wamekaa miaka yote ndani ya maji yaliyoniharibu mimi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwahurumia. Ulikuwa darasa la tatu. Mvua za Aprili zilikuwa zimejaza pipa hadi likamwagika. Nilitoa maji ya zamani karibu yote kwa ndoo, nikawamiminia ya mvua, na tangi likawa safi hata ungeweza kusoma gazeti ukiwa upande wa pili. Nilijisikia vizuri siku ile, Mungu anisamehe, kuliko siku niliyookoka. Nikakuita uje uone. Ukapiga makofi.

Kesho yake walikuwa wamekunja mapezi. Wengine walitetemeka mahali pamoja bila kwenda popote, wengine walikuwa juu wakitafuta hewa. Unajua nilifanya nini? Nilisema maji bado si safi vya kutosha, nikaongeza mengine ya mvua. Wakaanza kufa. Kila aliyekufa nilimtoa kabla hujarudi kutoka shule, nikamfukia nyuma ya bafu, nikakuambia wengine wamejificha chini ya mawe. Ulikuwa unahesabu kwa kidole na kunitazama. Hatimaye ukarudi mapema siku moja, ukanikuta na kijiko mkononi na samaki juu yake.

Ni wewe uliyenikokota hadi kwa yule kijana aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo kule mjini. Bado namsikia.

"Mathe, kwani unatumia maji gani?"

"Ya mvua," nikamjibu, tena kwa maringo. "Safi kabisa. Hata huyu mtoto wangu ndiyo anakunywa."

Akashika kichwa. "Aaai, mathe! Hao ni wa Malawi. Wanataka maji ngumu, ile iko na madini ya mawe. Ya mvua haina kitu ndani, inawamaliza. Hii yetu ya Nakuru, hii inachoma watu meno, hiyo ndiyo wanapenda!"

Nililia pale pale dukani, na wewe ukiwa umenishika sketi. Yule kijana akadhani nalilia samaki, akaanza kunibembeleza kwa kunionyesha wengine. Kilichoniliza ni kwamba hakuna siku nilikuwa nimewapenda samaki wale kama siku ile niliyowatilia maji ya mvua. Kama ningekuwa mvivu, kama ningewaacha tu na maji yao ya bomba nikaendelea na kazi zangu, wangekuwa hai.

Tuliokoa wachache. Tuliwarudishia maji ya bomba kikombe kwa kikombe, jinsi alivyotuelekeza, wewe ukiwa na kikombe na mimi nikiwa na hofu. Watu husema tenda wema nenda zako. Mimi nilijifunza kwamba ukishatenda usiende, kaa kidogo uangalie kama wema wenyewe unamezeka.

Lakini kujifunza kwa samaki si kujifunza. Ngoja utaona.

Tangu hapo tangi likawa lako. Ulirudi kutoka matembezi ya shule kule ziwani ukiwa huongei habari za ndege kama wenzako. Ulikuwa unanieleza kuhusu tilapia wadogo waliomo ndani ya ziwa letu, kwamba waliletwa kutoka ziwa lingine lenye magadi, kwamba wanaishi kwenye maji ambayo samaki wengine hawawezi, wanaliwa na ndege mwari na bado wapo. Mimi nilikuwa nakusuka ukiongea. Nikakuambia kaa kichwa wima.

Ulinifundisha kuwatambua. Ulinionyesha pezi la chini kule nyuma, yale madoa ya duara kama mayai madogo, na kwamba kwa dume yamekolea. Ulinionyesha kwamba rangi hudanganya, umbo la mdomo na mistari ya ubavuni ndivyo vya kuangalia. Wateja walikuwa wanaingia hapa kusukwa na kutoka wakijua dume na jike. Mama Brayo, jirani yetu wa mboga, alisema angalau kwa samaki dume wa kweli ana alama.

Halafu kukawa na habari ya Mwalimu. Tulimwita hivyo kwa sababu hakupenda mchezo: yule wa samawati mwenye mistari myeusi, aliyekuwa anakaa mlangoni mwa jiwe lake akikagua wapitao. Ulikuwa umeenda kwa shosho, mama yangu, likizo ya Agosti. Mwalimu akaanza kupauka. Samawati ikafifia, akawa na rangi ya kijani isiyoeleweka, kisha akaanza kuwa manjano. Nikasema, haya, safura hiyo. Nikamtenga kwenye beseni la kuoshea miguu, nikatia chumvi, na mteja mmoja wa kanisa la kule chini akaleta chupa ya maji ya maombi. Nayo nikatia. Uliporudi ulitua begi, ukaangalia beseni, ukaniangalia mimi.

"Mum, huyu si mgonjwa. Ni dume. Hawa wakiwa wadogo wote ni samawati, dume akikomaa anageuka yellow. Amekuwa mtu mzima tu."

Saluni nzima ilicheka. Mama Brayo alicheka hadi akaangusha vibanio vyote. Nami nilicheka, mkono mdomoni. Lakini ulipoinama kumrudisha Mwalimu tangini niliona jinsi mgongo wako ulivyokuwa umerefuka, na sauti uliyonisahihisha nayo haikuwa ya mtoto niliyempeleka kwa shosho. Sikufurahi. Nilitaka kukutafutia beseni na wewe, nikutenge, nikutie chumvi, mpaka urudi rangi yako ya zamani.

Mwalimu naye, baada ya kupata rangi, akawa mkorofi wa kupindukia, akawakimbiza wenzake hadi mapezi yakachanika. Nikamtoa. Siku hiyo hiyo wa pili wake akachukua jiwe na akawa mbaya kuliko yeye. Wewe ukanieleza kwamba kumtoa mkorofi hakusaidii. Wakiwa wachache, mmoja ataonewa mpaka afe. Wakiwa wengi, ugomvi unagawanyika na kila mtu anapata wake kidogo. Na ukitaka kuleta mgeni, ukasema, hamisha mawe yote kwanza, ili siku hiyo wote wawe wageni. Sijawahi kukuambia kwamba nimelitumia hilo kwa wasusi wangu. Kila nikichukua msichana mpya, asubuhi ile nabadilisha viti na vioo, nasema nataka saluni ipumue. Hawajui kwamba natumia akili ya mtoto wangu wa shule.

Huko unakoenda mawe yatakuwa yameshapangwa. Watu watakuwa na pembe zao, vikombe vyao, utani wao wa tangu zamani. Usijibanze ukutani siku ya kwanza ukadhani hawakutaki. Mpe kila mtu muda wa kukutambua.

Na yule jike aliyevimba kidevu? Hakula kwa siku nyingi, akawa anajificha nyuma ya hita. Mimi nikasema ni jipu. Ukaniambia ana mayai mdomoni, kwamba hao hulea wana wao humo ndani bila kula, mpaka wawe wamekamilika na mikia. Sikuamini mpaka niliposogeza uso kwenye kioo nikamwona akitafuna hewa polepole, akiyageuzageuza. Nikataka kumsaidia, unanijua. Ulipokuwa shuleni nilimfuata na neti nimhamishe mahali pa utulivu, akashtuka, akameza mayai yote. Ulinisusia hadi siku ya pili, na ulikuwa na haki.

Najua hapa unangoja niseme kwamba mimi ndiye huyo mama samaki. Sisemi. Mimi nilikula vizuri sana muda wote niliokulea, angalia kiuno.

Sasa nimefika ninapoogopa kufika.

Ulipomaliza kidato cha nne na alama zako nzuri, hakuna aliyekuuliza unataka nini. Mimi nilikuwa nimeshajibu kabla hujazaliwa. Siku nilipokuzaa kulikuwa na nesi mmoja, mikono yake ilikuwa safi na ya baridi, na aliongea nami polepole kama mtu anayeongea na mtu. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa peke yangu, na kwa furaha ya kukuona nilicheka bila kufunika mdomo, naye hakuangalia meno yangu hata kidogo. Nikasema huyu mtoto atakuwa hivi. Atavaa nyeupe, ataitwa sista, hatapumua mvuke wa dawa za nywele maisha yake yote. Nilikuwa nimekutafutia kitu kisafi kuliko kile nilichokunywa mimi.

Ukaenda chuo cha uuguzi. Likizo ya kwanza ulirudi umekonda, nikasema ni chakula cha huko. Ya pili ulirudi huongei. Ulikuwa unakaa mbele ya tangi hili, mabega umeyakunja, huwatazami hata samaki. Mimi nimewaona viumbe wakikunja mapezi kwa macho yangu mawili, Shiru, na sikuona. Nilikusindikiza mwenyewe hadi getini ili usigeuke njiani. Nilimpigia mwalimu wako simu nikamwomba akukaze zaidi. Unaona nilichofanya? Niliongeza ya mvua.

Ulipoacha mwaka wa pili ukarudi na sanduku, nilikusema mbele ya wateja. "Nilisomesha nesi, nikapata askari wa samaki." Walicheka, mimi najua kuchekesha watu. Wewe ulikuwa unaosha kichwa cha mteja pale kwenye sinki. Ukamuuliza kama maji ni moto sana. Sauti yako haikubadilika hata kidogo, na hiyo ndiyo inayoniumiza hadi leo, kwa sababu mtu anayelia unaweza kumbembeleza.

Nisamehe. Nalisema mara moja bila kulipamba. Nisamehe, mwanangu.

Kisha Jumamosi, kabla ya kuuliza lile swali, ulinieleza kazi yenyewe. Shamba la kuzalisha vifaranga wa tilapia, huko Siaya. Utakuwa unawatenga madume na majike wakiwa urefu wa kidole. Utakuwa unayatoa mayai midomoni mwa mama zao, taratibu, bila kuwaumiza, unayapeleka kwenye mitungi inayozungusha maji. Uliniambia walikupa samaki kwenye trei wakakuambia uwatenganishe, na ulipomaliza yule mkubwa wao akauliza umesomea wapi, ukasema saluni. Ulikuwa unaeleza kwa mikono yote miwili, povu la shampuu likiruka. Sijakuona ukiongea haraka hivyo tangu ulipokuwa na nguo ya shule. Mapezi yalikuwa wazi kabisa.

Halafu ukauliza kama nakubariki, na mimi nikashika draya.

Nikuambie kwa nini. Nilitaka kusema ndiyo, nikaliogopa neno lenyewe. Niliangalia nyuma nikaona kwamba kila nilichowahi kukitoa kwa moyo wangu wote kilikuwa kinadhuru mahali fulani. Nikawaza, na baraka yangu itakuwaje? Siijui Siaya. Sijui mabwawa ya samaki, sijui watu wa huko wanaamkuana vipi asubuhi. Nikimwaga baraka yangu ndani ya kitu nisichokijua, isije ikamharibia mtoto. Afadhali ninyamaze, aende salama na ya kwake. Najua ni mawazo ya kijinga. Nimelala nayo na kuamka nayo tangu Jumamosi, nimesuka vichwa vya watu nikiwa nayo, na kuna mwanamke huko mjini anatembea na nywele zilizopinda upande mmoja kwa sababu yake.

Leo mchana ndipo nikamkumbuka shosho yako siku nilipotoka Mbaruk kuja mjini.

Hakutaka nije. Alitaka nibaki nimsaidie na ng'ombe, na habari ya kutengeneza nywele za watu aliiona kama wendawazimu. Nywele kwake zilikuwa za kunyolewa. Asubuhi ya kuondoka akaniita nyuma ya zizi, akaniambia nifungue kifungo cha juu. Nikafungua. Akanitemea mate kidogo hapa kifuani, kama walivyokuwa wakibariki wazee wetu, akasema, "Nenda. Unapokanyaga pakupokee." Hakuongeza kitu. Akachukua ndoo yake akarudi kukamua.

Nilikasirika, Shiru. Nilikuwa nimeokoka karibuni, na kichwani nimefunga kitambaa cheupe cha kanisa, nikaona amenichafua kwa mambo ya giza. Tena yalikuwa yananuka ugoro. Nilipofika kwenye ua wa miiba ya kaiyaba, mahali ambapo hangeweza kuniona, nilifungua kile kitambaa nikajifuta. Nilijifuta kwa nguvu hadi ngozi ikauma.

Mama yangu hakujua saluni ni kitu gani. Hakukubaliana na safari yangu hata kidogo. Hakungoja aelewe ndipo anibariki, alinijua mimi, basi ikamtosha.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kubeba begi, njoo huku mbele. Vaa shati lenye vifungo. Mchungaji si lazima ajue. Nitakutemea mate kidogo kifuani, nitajitahidi yasiwe mengi, ingawa naweza kuwa nalia na sijui vitu hivyo viwili vitakavyogawana njia. Nitasema maneno ya shosho yako kwa sababu ya kwangu huwa marefu na yana matusi ndani. Siijui Siaya wala samaki wake, lakini wewe nakujua. Jibu langu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo hata Jumamosi, mkono ukiwa kwenye draya. Nakubariki, Wanjiru, Shiru wangu, nenda.

Na ukitoka hapa, ukifika pale kwenye kona ukaona haya, jifute tu. Mimi nilijifuta kabla sijafika barabarani, na bado baraka ilinishika.

Mama yako